Pikipiki hulazwa, kirikuu hailazwi: kisa cha chombo kilichokatika shingo njia ya Pongwe

Machungwa yalitapakaa mpaka mtaroni, na watoto walikuwa wamekwisha kujaza ndoo zao kabla mwenye mzigo hajainuka vumbini. Hayo niliambiwa. Mimi chombo nilikikuta siku ya pili, kimerudishwa Makorora mgongoni mwa lori, kimelazwa chini ya mwarobaini wa gereji. Nyuma ni kirikuu tupu, kile kigari kidogo cha mizigo: bodi, springi, difu, magurudumu mawili. Mbele ni pikipiki ya cc 150. Gurudumu la mbele limeangukia ubavu, kama kichwa cha kuku aliyekwisha kupitiwa na kisu.

Baraza la gereji lilikuwa limemaliza kesi. Mmoja alisema bomba la pikipiki siku hizi ni karatasi. Mwingine alisema mzigo ulizidi. Wa tatu akasema jicho, na Tanga hakosekani wa kusema jicho. Aliyekitengeneza, kijana ninayemjua tangu alipokuwa akija kwenye mashine yangu ya kukereza kuokota vipande vya chuma, alikaa juu ya ringi kuukuu bila kusema neno. Aliponiona akanyanyuka.

"Ami, mie kuchomea kwangu kulikuwa kuzuri. Tazama mwenyewe."

Nikatazama. Kuchomea kwake kulikuwa kuzuri kweli, na ndiyo maana kisa hiki kinastahili kuandikwa. Angekuwa mchomeaji mbaya tungesema hivyo tukaenda zetu kunywa kahawa.

Mkono wangu pia umo, niseme mapema. Busha mbili za ndani ya chombo kile, pete za kushikilia shafti, nilizikereza mimi, nikalipwa, nisiulize zinakwenda wapi.

Chombo kilizaliwa kwa hesabu ambayo wengi wetu tunaifahamu. Mwenyewe huchukua machungwa Muheza akayaleta mjini msimu ukikubali. Kirikuu yake iliua injini. Kununua nyingine hakuweza, kuiuza kwa kilo kwa watu wa chuma chakavu roho haikumpa. Pikipiki alikuwa nayo, ya bodaboda, imechoka kila mahali isipokuwa injini. Akamwuliza kijana kama vitu viwili hivi havioani. Kijana akajibu vinaoana.

Wala hakuwa wa kwanza duniani kuwaza hivyo. Mwaka 1931 kampuni ya Toyo Kogyo ya Hiroshima, ambayo baadaye iliitwa Mazda (jina la zamani lisikuchanganye na toyo zetu za hapa), ilianza kuuza Mazda-Go: mbele usukani wa pikipiki, nyuma bodi ya mzigo, magurudumu matatu. Harley-Davidson walitengeneza Servi-Car kuanzia 1932 hadi 1973, nayo ni pikipiki yenye ekseli ya magurudumu mawili nyuma. Bajaji tunazopanda Chumbageni kila siku ni ukoo mmoja na Ape ya Piaggio ya mwaka 1948. Wazo lenyewe si wazimu. Ila wale walichora chombo kizima kwa kalamu moja. Kijana wetu alikuwa anaozesha nusu mbili ambazo hazijawahi kuambizana neno.

Jaribio la kwanza lilikuwa cheni moja kwa moja kutoka injini hadi ekseli nzima isiyo na difu, yaani lile boksi la meno linaloyaachia magurudumu mawili yazunguke kwa kasi tofauti. Lilidumu asubuhi moja. Umbali kati ya magurudumu ya nyuma ni mita 1.2, ukizunguka kona ya mita 6, gurudumu la nje linakwenda njia ndefu kuliko la ndani kwa zaidi ya sehemu moja katika tano. Ekseli ikiwa kipande kimoja, yote mawili yanalazimika kuzunguka sawa, kwa hiyo moja lazima liburure. Kwenye vumbi utaona alama tu. Kwenye lami nyuma inakataa kugeuka, inamsukuma wa mbele: usukani uko kushoto, chombo kinakwenda moja kwa moja. Kilimpeleka moja kwa moja hadi kwenye meza ya muuza vocha. Difu ya kirikuu ikarudishwa jioni ileile.

Hapo ndipo tatizo lenyewe lilipoanza, na lilianza na mguu.

Injini ya pikipiki imekaa kwa upana. Spoketi yake inazunguka kama gurudumu linavyozunguka, ndiyo maana cheni inatosha. Difu ya gari inataka kitu kingine: inalishwa na propela, shafti inayokuja kwa urefu kutoka mbele. Kuna pembe mraba kati ya hizo mbili. Guta za mizigo, zile pikipiki za magurudumu matatu, zimekwisha kulitatua hilo kiwandani, kwa injini yenye mtoko wa propela na boksi la rivasi. Kijana hakuwa na injini ya guta. Njia rahisi iliyobaki ni kuigeuza injini nzima robo mzunguko, ili spoketi itazame mbele au nyuma.

Mbele au nyuma? Spoketi ya pikipiki hii iko kushoto, kama zilivyo nyingi. Ukigeuza injini ubavu wa kushoto ukatazama nyuma, spoketi inaangaliana na difu na unaunganisha propela moja kwa moja. Lakini kanyagio la gia nalo liko kushoto. Likienda nyuma pamoja na spoketi, mguu wa dereva haulifikii. Kijana akawaza kama dereva: akaigeuza upande wa pili, kanyagio likaja mbele chini ya kidole cha mguu, safi kabisa. Spoketi nayo ikatazama mbele. Akafunga cheni fupi, meno sawa kwa sawa, ikashuka kwenye shafti ya pembeni inayopita chini ya injini kwenda nyuma kwenye propela. Busha zangu mbili zilikuwa zinashika shafti hiyo.

Akawasha, akatia gia ya kwanza, akaachia klachi. Chombo kikarudi nyuma kikabomoa banda la kuku.

Akatia ya pili: nyuma, kwa kasi zaidi. Alikuwa na gia tano za kurudi nyuma na hana hata moja ya kwenda mbele. Watu walicheka siku tatu. Ukiitazama kwa jicho tulivu haina uchawi. Kitu kinachozunguka kwenda kulia ukikiangalia kutoka mbele, kinazunguka kwenda kushoto ukikiangalia kutoka nyuma. Ukigeuza injini huku unapata mzunguko mmoja, ukigeuza kule unapata kinyume chake. Difu ya gari imetengenezwa kwa mzunguko mmoja tu, na injini ya pikipiki yenye spoketi ya kushoto huupata mzunguko huo spoketi ikitazama nyuma. Yeye alichagua upande wa pili kwa sababu ya kanyagio.

Sasa alikuwa na njia mbili: aigeuze injini tena, avunje kitanda chake chote alichokichomea wiki nzima, au aipindue difu, juu iwe chini. Difu ikipinduliwa krauni, gia kubwa ya ndani, inahamia upande wa pili wa pinioni, gia ndogo inayozungushwa na propela, na magurudumu yanazunguka kinyume. Akaipindua. Alikata vikalio vya springi, akavichomea upande wa pili, siku moja kazi imekwisha. Chombo kikaenda mbele. Watu wakapiga makofi, na ningekuwapo ningepiga na mimi, maana ni akili.

Lakini difu si kitu kisicho na juu wala chini. Pinioni ya difu ya aina hii haikai katikati ya krauni, imeshushwa chini kidogo, ilale ndani ya oili. Ukipindua, pinioni inapanda juu na beringi zake zinangoja oili ya kurushiwa. Kizibo cha kupimia oili nacho kinahama, kwa hiyo ukijaza hadi kizibo hujui umejaza kiasi gani. Mwenye chombo aliniambia difu ilianza "kuimba" wiki ya pili. Na meno yanavuta kwa mgongo wake, upande ambao kiwandani ulikusudiwa kwa kazi nyepesi ya kushuka mlima.

Hayo yote yangeua difu polepole, hayavunji shingo ya mtu. Kilichokuwa hatari zaidi ni kitundu kisichozidi ncha ya kalamu.

Juu ya mfuko wa ekseli kuna kitundu cha kupumulia. Difu ikipata moto hewa ya ndani inavimba, na lazima itoke mahali. Difu ilipopinduliwa kitundu kikawa chini, oili namba 90 ikaanza kudondoka. Kijana aliona tone sakafuni akafanya ambacho fundi yeyote angefanya akiona tone: akaziba kwa bolti na mkanda wa mabomba. Tone likakoma.

Hewa haikukoma kuvimba. Ilipokosa pa kutokea ilisukuma oili kwenye njia iliyokuwa dhaifu kuliko zote, nazo ni sili za ekseli, ile mipira inayozuia oili isiende kwenye magurudumu. Ya kulia ilivumilia. Ya kushoto, ambayo huenda ilikuwa kuukuu tangu siku za kirikuu, ikaachia. Tulipoivua ngoma ya gurudumu la kushoto pale chini ya mwarobaini, haikutoka kavu kama itokavyo ngoma. Ilitoka kwa sauti ya mdomo unaobusu. Ndani viatu vya breki vilikuwa vyeusi vinameta, vumbi la breki limegeuka uji. Nilipitisha kidole, nikampa kijana akinuse. Akanusa. Hakuwa na haja ya kuambiwa, harufu ya oili ya difu haifanani na ya mafuta ya breki.

"Lini mara ya mwisho uliifungua?" nikamwuliza.

"Sijaifungua, ami. Breki zilikuwa zinashika."

Zilikuwa zinashika upande mmoja. Dereva mwenyewe alisema chombo kilikuwa kinavuta kulia kila akikanyaga, naye akajizoeza kutumia zaidi breki ya mkono, ya mbele. Binadamu hujizoeza na chochote.

Sasa shingo. Chuma kilichovunjika husema kimevunjikaje, ukikisogelea. Bomba la shingo ya fremu, pale shokapu za mbele zinapopita, lilikatika kando kabisa ya mstari wa kuchomea, si juu yake. Sehemu kama theluthi mbili ya uso wa mkatiko ilikuwa ya kahawia, kutu imekwisha kukaa, na ndani ya ukahawia ule kulikuwa na mistari myembamba iliyopindana kama ufukwe wa Raskazone maji yanapotoka. Theluthi iliyobaki ilikuwa ya kijivu, chembechembe zinang'aa kama chumvi. Ya kijivu ndiyo ya ajali. Ya kahawia ilikuwapo kabla, wiki kadhaa, inakua kidogo kwa kila safari. Ule haukuwa mkatiko wa mzigo mmoja mkubwa wa ghafla. Bomba lilichoshwa.

Lilichoshwa na nini? Hapa ndipo ninapoachana na baraza.

Pikipiki ikiingia kona hulazwa. Dereva wa bodaboda hajui fizikia lakini mwili wake unajua: uzito wake na nguvu ya kona vinajumlishwa, na jumla yao inashuka ndani ya ubapa wa gurudumu, kutoka usukani hadi lami. Shokapu, njiti, ringi na shingo havisukumwi ubavuni. Ndiyo maana vinaweza kuwa vyembamba vile. Mhandisi wa pikipiki aliviweka vyembamba akijua chombo kitalazwa.

Kirikuu hailazwi. Ukiifunga pikipiki kwenye ekseli pana ya nyuma, mbele nako hakulali tena. Kuanzia hapo kila kona inausukuma mguu wa mbele ubavuni. Ni kiasi gani? Tulichukua mizani ya mnunuzi wa chuma chakavu, ile ya jukwaa, kabla chombo hakijakatwa zaidi, tukapima gurudumu moja moja huku tumeishikilia shingo kwa jeki. Tupu, mbele kilo 160, nyuma 250. Ukimweka dereva wa kilo 75 na machungwa kilo 415 kama ya siku ile, chombo kinafika kilo 900, mbele 200 na nyuma 700. Machungwa yalikaa juu ya ekseli hasa, mbele hayakuongeza kitu. Kwa hiyo aliyesema mzigo umevunja shingo aeleze umefikaje kule.

Chukua kona ya mita 12, kasi ya kilomita 25 kwa saa. Nguvu ya kutupwa nje ni sehemu nne katika kumi za uzito. Kwa mbele hiyo ni kama kilo 80, na inasukuma pale tairi linapogusa lami, sentimita 70 chini ya shingo. Mtu mzima ananing'inia kwenye ncha ya bomba la urefu huo, mara kulia, mara kushoto, kila kona, Muheza hadi mjini, mara tatu kwa wiki. Bomba la shingo lilikuwa na unene wa milimita 2 na kidogo. Kijana alilichomea kwenye chaneli nene ya kirikuu ili liwe imara, na kwa kufanya hivyo akaweka chuma kigumu karibu na chuma chepesi. Kikipindwa, chepesi hupinda mahali pamoja tu, kando ya mshono. Mshono ulikuwa mzuri mno kuliko jirani yake.

Kwamba breki ya nyuma kushoto ilikuwa imelewa oili kulikuja kuongeza juu ya hapo. Breki ya kawaida tu kwenye chombo kile huhamisha karibu kilo 100 kutoka nyuma kwenda mbele, kwa sababu mzigo uko juu na urefu kati ya magurudumu ni mita 2.4 tu. Ngoma ya mbele ya pikipiki ilichorwa kusimamisha pikipiki na mtu wake, kama kilo 190. Hapa iliombwa isaidie kilo 900, na nishati ya kusimamisha hupanda sawa na uzito. Siku ya ajali alikuwa anaacha lami kushoto kuingia njia ya vumbi. Akabana mbele akiwa ndani ya kona, nyuma kulia ikashika peke yake ikakizungusha chombo kulia wakati usukani uko kushoto. Gurudumu la mbele likapokea kilo karibu 300 zikisukuma chini, nyuma na ubavuni kwa pamoja. Theluthi ya bomba iliyokuwa bado nzima ikasema basi.

Alitoka na bega lililoteguka. Nilishukuru kwamba kasi ilikuwa ndogo, nikashukuru tena kwamba nyuma yake hapakuwa na lori la saruji, na njia ile malori hayapungui.

Shingo isingekatika siku ile, bado kuna jambo ambalo halikuwa likimsumbua mtu yeyote gerejini. Chombo chenye gurudumu moja mbele hakiangukii kwenye mstari wa magurudumu ya ubavuni kama gari. Kinaangukia kwenye mstari wa mshazari, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Kadiri uzito unavyokuwa mbele, ndivyo mstari huo unavyousogelea. Nilikaa na karatasi. Kikiwa na mzigo, kitovu cha uzito kikiwa sentimita 85 juu, kwenye kona ile ya mita 12 kinainua gurudumu kwa kilomita 29 hivi kwa saa. Kikiwa kitupu, kitovu kikiwa sentimita 60, nilitegemea tofauti kubwa. Nilipata kilomita 30. Nikarudia hesabu, ni ileile. Mzigo unakipandisha kitovu lakini pia unakirudisha nyuma, kule kwenye upana. Ukiutoa, kitovu kinashuka lakini kinasogea mbele, kule kwenye wembamba. Dereva anayesema "nakwenda tupu, niachie nikimbie" anajidanganya. Kirikuu yenyewe, yenye miguu minne na upana uleule, ikiwa tupu itateleza kabla ya kupinduka.

Mengine nitayapita. Injini iliyogeuzwa ilipoteza upepo wake, mapezi ya silinda yakawa yanatazama ubavuni. Kijana akafunga feni ya rejeta, feni ikamaliza betri kwa sababu umeme wa pikipiki ni mdogo. Bajaji hutatua hilo kwa feni inayozungushwa na injini yenyewe na kifuniko kinachoelekeza upepo. Klachi ilikuwa inanuka kila kilima, na hesabu yake ni fupi: difu ya meno 41 kwa 8 badala ya cheni ya 43 kwa 15, pamoja na tairi dogo, iliongeza mvuto kama mara mbili, uzito ukaongezeka karibu mara tano. Oili ya injini ilikuwa inakimbilia pembeni, maana nayo ilitegemea kulazwa ili ibaki chini. Ukiangalia sana, nusu ya magonjwa ya chombo hiki yalikuwa ugonjwa ule mmoja wa kutolala.

Jambo ambalo kijana alipatia, na sitaki lipotee, ni pampu ya breki. Walimshauri afunge pampu ndogo ya mkono ya pikipiki ya diski. Alikataa, akabaki na ya kirikuu na kanyagio lake. Pampu ya mkono ya milimita 12.7 husukuma zaidi kidogo ya mililita moja kwa mkono mzima, na pistoni nne za ngoma za gari zingesogea kama milimita moja na robo kila moja. Viatu vikilika kidogo tu, mkono unafika kwenye mpini na breki haijaanza.

Kuhusu karatasi: kadi ilikuwa ya pikipiki, bima ndogo ilikatwa kwa kadi hiyo, na chombo kilichokuwa barabarani hakikuwa tena kilichoandikwa humo. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, haikutungwa kwa ajili ya kuwachekesha trafiki. Angemgonga mtu, ningependa kuona anavyomweleza wakala wa bima ni kipi alichokatia. Nilimwambia hivyo mwenye chombo hospitalini, bega limefungwa. Akaniambia, "Shehe, mie hapa nawaza machungwa."

Baadaye tulifanya nini. Kwanza tulipaka mafuta ya taa kwenye mishono yote iliyobaki, tukafuta, tukapaka unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hurudi juu na kuchora mstari wa giza kwenye weupe. Tulipata nyufa mbili nyingine, zote kando ya mshono, zote upande wa chuma chepesi. Kijana alizitazama muda mrefu. Sehemu yote ya mbele ya pikipiki ikatupwa. Amefunga ya guta kuukuu: shokapu nene zenye springi za kuongezea, ringi ya bati ya inchi 12 isiyo na njiti, shingo nene iliyochorwa kwa chombo kisicholazwa. Boksi la rivasi limetoka kwenye guta hiyohiyo. Mzigo nimemwambia usizidi kilo 250, na kona aingie kwa mwendo wa baiskeli. La kwanza amekubali kwa mdomo.

Difu imerudishwa ilivyozaliwa, kitundu juu, sili mpya pande zote. Kwa hiyo injini ilibidi igeuzwe, spoketi itazame nyuma, shafti ya pembeni na busha zangu mbili zikatoka. Kanyagio la gia likaenda nyuma kulekule alikolikwepa mwanzo. Nikachukua nondo ya milimita 10, nikaikata sentimita 80, nikakereza ncha zake, tukafunga vichwa viwili vya tairodi chakavu na kanyagio jipya mbele. Kazi ya dakika arobaini, chai ikiwemo.

Kijana aliishika ile nondo, akaigeuzageuza.

"Ni hiki tu, ami?"

"Ni hicho."

Tulipoijaribu gia zilikuwa zimepinduka: ya kwanza unainua, nyingine unakanyaga. Mara akainama kutafuta grenda, aikate aigeuze. Grenda nilikuwa nimeikalia. Nikampa kopo la rangi nyeupe, nikamwambia achore mishale miwili juu ya tangi.